SHULE YA MTOTO WA MFANYA KAZI: NANI MWENYE KUCHAGUA?

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya tawi letu ya miezi hii iliyopita tulikusudia kuzungumza habari za ovataimu na za nyumba. Lakini kila aliyesimama kusema, maneno yake yaliishia shuleni. Ndugu mmoja, fundi wa mashine, alitwambia ya kuwa nyongeza tuliyoipata katika mapatano yaliyopita haikufika kwake hata mwezi mmoja. Ilipitia ofisi ya mwalimu mkuu ikabaki huko. Dada mmoja wa kiwanda cha nguo akasema yeye amekopa katika chama cha akiba na mikopo ili amtoe mtoto wake shule ya serikali ampeleke shule ya kulipia, na deni hilo litamkata mshahara miezi kumi na minane.

Tumefikiri, tukaona ya kwamba jambo hili si la nyumba ya mtu peke yake. Nyongeza ya mshahara ikiliwa na shule, si nyongeza. Kwa hiyo ni jambo la chama, na twataka kulisema waziwazi.

MALALAMIKO TULIYOYASIKIA

Wazazi hawalalamiki kwa sababu ya uvivu, wala kwa kutaka makubwa. Wanalalamika kwa sababu mtoto amekaa darasani na wenziwe tisini, mwalimu ni mmoja, na mwaka unakwisha mwalimu hajalijua jina lake. Wanalalamika kwa sababu shule yaitwa ya bure, lakini kuna pesa ya deski, pesa ya askari wa lango, pesa ya kuchapisha mitihani, na pesa ya kumlipa mwalimu aliyeajiriwa na bodi kwa kuwa wa serikali hawatoshi. Mtoto asiyeleta hurudishwa nyumbani. Mzazi akiuliza risiti, huambiwa arudi kesho. Akiuliza mara ya pili, huonekana mchochezi.

Na mzazi akitaka kumhamisha mtoto kwenda shule nyingine ya serikali iliyo afadhali, huambiwa nafasi zimejaa. Wiki ya pili yake humwona mtoto wa jirani mwenye uwezo ameingia shule ile ile. Sisi twajua maana yake, nanyi mwaijua.

Hatusemi haya ili kuwatukana waalimu. Waalimu ni wafanya kazi kama sisi, nao wana vyama vyao. Mtu anayefundisha watoto tisini ameonewa kama walivyoonewa hao tisini. Anayetakiwa kujibu ni yule mwenye kushika mfuko.

SHERIA YASEMAJE

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Yasema tena kwamba michango mingine haiwezi kutozwa bila idhini ya Waziri, kwamba asipokee mtu mchango bila kutoa risiti rasmi, na kwamba mtoto asizuiwe kuhudhuria shule kwa sababu mchango huo haujalipwa. Maneno haya yameandikwa. Lakini wanachama wengi hawajapata kuyasikia, na wakubwa wengine wa shule wangependa tusiyasikie.

Na pesa zenyewe? Kwa shule ya msingi, mgao uliotajwa kwa miaka mingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka mzima. Gawanya kwa siku za mwaka, utaona hazifiki shilingi 4 kwa siku. Kwa sekondari ya kutwa, kiwango kilichowekwa mwaka 2018 ni shilingi 22,244. Mwaka 2025 Waziri wa Fedha, Bwana John Mbadi, aliwaambia wabunge ya kwamba serikali haiwezi kukilipa kiwango hicho chote. Basi kilichopungua kinatoka wapi? Kinatoka katika bahasha ya mshahara wako.

HAYA SI MAPYA

Vijana wengine hudhani kwamba wazazi kutaka kuchagua shule ni mambo ya kuiga wageni. Sivyo. Baada ya ugomvi na wamisheni mwaka 1929, wazazi wa Kikuyu hawakukaa kunung'unika. Walijenga shule zao wenyewe, zile zilizoitwa za Independent na za Karing'a. Mwaka 1939 chuo cha waalimu kilifunguliwa Githunguri, na Mbiyu Koinange alikiongoza. Pesa zilitoka kwa watu wa kawaida. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilizifunga shule hizo, na pale Githunguri ikaweka mahali pa kunyongea watu. Twakumbuka haya ili ijulikane ya kuwa mkoloni naye alifahamu kwamba anayechagua shule ya mtoto wake amekwisha kuanza kujitawala.

Baada ya Uhuru shule za rangi rangi, za Wazungu mbali, za Wahindi mbali na za Waafrika mbali, zilikusudiwa kuondolewa, kama ilivyopendekeza Kamisheni ya Ominde mwaka 1964. Wananchi wakajenga shule za Harambee kwa mikono yao. Mwaka 1974 karo iliondolewa kwa madarasa manne ya kwanza, na tukafurahi. Lakini mlango wa mbele ulipofungwa, ukafunguliwa wa nyuma, ndio mchango wa majengo, na mahali pengine mchango ule ulizidi karo yenyewe. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi iliondolewa tena, na watoto wakaongezeka kutoka karibu milioni 5.9 hadi zaidi ya milioni 7. Lilikuwa jambo jema, nasi hatulirudishi nyuma. Lakini watoto waliongezeka kwa mwaka mmoja, na madarasa na waalimu hawakuongezeka hivyo.

Fundisho lake ni kwamba elimu ya bure isiyolindwa na mzazi hugeuka tena ya kulipia, na risiti haipo.

NANI ANACHAGUA SASA

Husemwa kwamba hapa Kenya hakuna uchaguzi wa shule. Si kweli. Uchaguzi upo, ila ni wa wachache. Mwenye kampuni huchagua. Meneja huchagua. Wengi wa wale wanaotuhimiza tuziamini shule za serikali, watoto wao hawaonekani huko.

Mfanya kazi wa Mukuru, Kibera au Kangemi naye huambiwa achague, lakini tazama vitu anavyochagulishwa. Upande mmoja ni shule ya serikali, iko mbali, imejaa, na mtoto wa miaka sita yampasa kuvuka barabara ya malori. Upande wa pili ni shule ya mabati mlangoni pake, anayolipia kila wiki. Wengi huchukua ya mabati, wala hatuwalaumu. Ziko zinazofundisha vizuri kwa bidii ya waalimu wake. Lakini twakumbuka Septemba 2019, darasa la shule ya kulipia lilipoanguka mtaa wa Ng'ando, Dagoretti, likaua watoto waliokwenda kusoma asubuhi ile. Watoto wale hawakupelekwa pale na wazazi wasiojali. Walipelekwa na wazazi waliotafuta shule wanayoiweza.

Huko siko kuchagua. Kuchagua ni pale ambapo kila kimoja katika vile viwili chafaa.

HOJA YA WANAOPINGA

Katika mkutano wetu ndugu kadhaa walipinga, na ni haki waandikwe hapa. Walisema: tukidai kwamba pesa za mtoto zimfuate shule anayokwenda, matajiri watafungua shule kama maduka, shule za serikali zitabaki na watoto wa maskini kabisa, na waalimu watakuwa vibarua wasio na mkataba.

Hoja hii ina uzito, wala si ya kupuuzwa. Nchi ya Chile ilifanya hivyo tangu mwaka 1981. Pesa za serikali zilimfuata mtoto hata shule za watu binafsi, na baadaye shule hizo zikaruhusiwa kutoza nyongeza juu yake. Ilitokea nini? Badala ya mzazi kuichagua shule, shule ndiyo ikamchagua mtoto, na watoto wakagawanyika kwa mifuko ya baba zao. Wanafunzi wakaandamana kwa wingi mwaka 2006 na mwaka 2011, na mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuondoa kidogo kidogo faida, nyongeza na kuchagua watoto katika shule zinazopokea pesa za serikali.

Kwa hiyo twasema hivi. Twataka haki ya kuchagua, lakini si ya namna ya duka. Hatutaki mtoto wa mfanya kazi asomeshwe juu ya mgongo wa mfanya kazi mwingine. Na pia hatutaki kuambiwa tungoje mpaka shule za serikali zitengenezwe zote, kwa kuwa mtoto hangoji. Mtoto wa darasa la kwanza leo, baada ya miaka minane hatakuwa wa darasa la kwanza tena.

TUNAYODAI

Kwanza, nafasi zitangazwe. Kila shule ya umma ibandike penye lango nafasi ilizo nazo katika kila darasa, na majina kwa zamu waliyoandikishwa. Sheria ya 2013 yakataza kutoza ada ya kumpokea mtoto. Mzazi akitaka kumhamisha mtoto kutoka shule ya umma moja kwenda nyingine, ajibiwe kwa barua, na kama amekataliwa, sababu iandikwe.

Pili, hesabu zisomwe. Kila muhula mwalimu mkuu asome mbele ya wazazi pesa zilizopokewa kutoka serikalini na jinsi zilivyotumika. Si kumwomba fadhili. Kifungu cha 35 cha Katiba chatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Tatu, pasipo na shule ya umma karibu, serikali ijenge. Na mpaka itakapojenga, mgao wa mtoto yule umfuate katika shule iliyoandikishwa iliyo karibu, kwa masharti haya: isiwe ya faida, isitoze nyongeza, isikatae mtoto, majengo yakaguliwe, hesabu zioneshwe, na waalimu wawe na mkataba na haki ya kujiunga na chama. Shule isiyokubali masharti hayo na iendelee kwa pesa zake yenyewe.

Nne, njia za sekondari ya juu ziwe za kweli. Watoto wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na njia ni tatu: ya sayansi na ufundi, ya masomo ya jamii, na ya sanaa na michezo. Waliambiwa wachague. Lakini si kila shule inafundisha njia zote, na sayansi bila maabara ni jina tu. Mtoto wa fundi akilazimika kuiacha sayansi kwa sababu shule anayoiweza baba yake haina vyombo, aliyemchagulia ni umaskini. Maabara zianze kujengwa katika shule za kutwa, huko waliko watoto wetu.

Tano, twageuka kwa waajiri. Mzazi hawezi kuilinda shule kama mikutano ya wazazi ni Ijumaa saa nne asubuhi naye yuko kwenye mashine. Twapendekeza kwamba katika mapatano yajayo chama kidai ruhusa ya nusu siku kila muhula, bila kukatwa mshahara, kwa kila mwenye mtoto shuleni. Halmashauri ya tawi italiuliza jambo hili katika mkutano mkuu. Njooni mpige kura.

NA SISI WENYEWE

Ndugu, tuseme pia makosa yetu. Sheria yatupa wajumbe wa wazazi katika Bodi ya Usimamizi ya shule, na Chama cha Wazazi ambacho kila darasa lina mjumbe wake. Ni wangapi kati yetu wamepata kuhudhuria uchaguzi huo? Tunaacha wachaguliwe rafiki za mwalimu mkuu, halafu tunalalamika kwenye matatu. Chama cha wafanya kazi hakiendi kwa malalamiko ya njiani, na shule ni vivyo hivyo.

Basi kuanzia muhula huu, kila mwanachama anayetozwa mchango aombe risiti. Akinyimwa, aandike tarehe, kiasi, na pesa zilikuwa za nini, na karatasi hiyo ampe mjumbe wake wa kazini. Tutazikusanya kwa shule shule, na kuzipeleka kwa bodi ya elimu ya kaunti kwa jina la chama, ili asionewe mtu mmoja wala mtoto wake. Mtu mmoja akiuliza huitwa mchochezi. Watu mia wakiuliza kwa barua moja, watajibiwa.

Yule dada wa kiwanda cha nguo alipomaliza kusema, mtu alimwuliza kama akipewa shule nzuri ya serikali karibu na nyumbani atamrudisha mtoto. Alijibu, "Hata kesho." Hilo ndilo tunalolitaka, ndugu. Hatukimbii shule za umma. Ni zetu, tumezijenga kwa Harambee na kwa kodi. Twataka tukizichagua iwe kwa kuwa zafaa, si kwa kuwa hatuna pa kwenda.

Umoja ni nguvu.

Halmashauri ya Tawi