Tumechoka na Mafuvu

Nitasema bila kuzunguka. Hadithi zetu za dunia za kubuni, hizi tunazosomeana vijiweni hapa Dodoma na kuzirudufu kwa senti zetu wenyewe, zina ugonjwa mmoja. Kila ikifika zamu ya dini, mwandishi anatoa fuvu. Kuna pango, kuna moshi, kuna kibibi mwenye macho mekundu, na waumini mia wanaoitikia kwa pamoja. Basi, dini imekwisha! Hatuambiwi nani anawalisha hao mia, nani alimweka mkuu wao, wala akifa kesho nani atashika madaraka.

Jamani, hiyo si imani. Hilo ni pambo la jukwaa.

Wamarekani wanaotunga michezo ya mezani ya kuigiza wametuzidi hapa, na inaniuma. Mchezo wenyewe si mgumu: watu wanaketi, mmoja anasimulia dunia, wengine kila mmoja ana mhusika wake, na dadu zinaamua. Mwaka 1978 ulitoka mmoja uitwao RuneQuest, unaochezwa katika dunia ya Glorantha aliyoibuni Greg Stafford. Mwaka 1979 kikafuata kitabu kizima, Cults of Prax, kinachoeleza madhehebu ya eneo moja tu la dunia hiyo. Humo dhehebu lina ngazi. Yupo muumini wa kawaida, anayekuja kusali na kurudi kwake. Yupo aliyeingizwa rasmi, anayetoa sehemu ya kumi ya pato lake na ya muda wake. Juu yake yupo kuhani, ambaye karibu maisha yake yote ni mali ya mungu wake. Kila ngazi ina masharti na faida zake. Mchezaji anajua anapata nini, na anajua anadaiwa nini.

Najua utakachosema: hayo ni mambo ya Wazungu. Thubutu! Mathias Mnyampala, mshairi wa hapa hapa Ugogo, alichapisha kitabu juu ya historia, mila na desturi za Wagogo mwaka 1954. Mwanaanthropolojia Peter Rigby alichapisha utafiti wake wa Ugogo mwaka 1969. Tusome basi, tuone kama tumepungukiwa.

Mtemi wa Kigogo hakuwa mfalme wa kuamrisha majeshi. Alikuwa mlinzi wa mawe ya mvua, na madaraka yake yaliishia kwenye mipaka ya nchi yake ya tambiko. Tohara ya vijana ilisubiri ruhusa yake. Lakini mvua ikikataa, mtemi mwenyewe alituma watu kwa mganga, mara nyingi nje ya nchi yake. Umeona? Mwenye cheo ni mmoja, mwenye utaalamu ni mwingine, na wote wawili wanahitajiana. Ng'ombe wakipatwa na maradhi, kazi ya kusafisha nchi iliwaangukia wanawake: walivaa nguo za wanaume, wakashika silaha za wanaume, wakacheza ngoma kuupeleka mkosi hadi mpakani. Katika nchi isiyopata hata milimita 600 za mvua kwa mwaka, utaratibu huo haukuwa mapambo. Watu waliuwekea matumaini ya chakula chao.

Kwa mwandishi, hapo kuna riwaya tatu. Mtemi akigombana na mganga? Mganga akiwa ng'ambo ya mpaka, kwa hasimu? Wanawake wakikataa kuzirudisha zile silaha? Wewe umekaa na fuvu lako!

Na si suala la ufundi tu. Kule Kanungu, Uganda, tarehe 17 Machi 2000, waumini waliungua ndani ya kanisa, na makaburi yalipofukuliwa idadi ya waliokufa ikapita 700. Kundi lile halikuwa la mapangoni. Lilikuwa na mitume 12, sare zilizotofautiana kwa ngazi, na kanuni ya kunyamaza. Watu waliuza mali zao wakakabidhi fedha kwa viongozi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kenya, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu walioambiwa wafunge hadi wafe ili wamwone Yesu. Hapo napo hakukuwa na fuvu mlangoni. Kulikuwa na mhubiri na Biblia.

Msomaji tuliyemfundisha kwamba imani ya hatari inanuka moshi, siku atakapopewa fomu ya uanachama na mtu mwenye tai atatia sahihi. Na yule kibibi wetu wa macho mekundu? Kanda ya Ziwa na Tabora vikongwe wamekatwa mapanga kwa macho hayo hayo, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa kupikia miaka nenda miaka rudi. Kila tunapomrudia yule bibi kwa uvivu, tunawanolea wauaji panga.

Kwa hiyo, mwandishi mwenzangu, kabla hujatunga mungu, tunga daftari la michango. Nani anaingia, kwa masharti gani? Nani anatunza fedha? Nani anaruhusiwa kumwambia kiongozi "hapana" na bado akalala salama? Mtu akitaka kutoka, anatokaje, na anaacha nini nyuma? Hilo la mwisho ndilo kubwa. Dhehebu lenye mlango wa kutokea linaweza kuwa zuri au baya. Lisilo na mlango huo ni gereza, hata likiimba vizuri namna gani.

Ukishayajibu hayo, weka na fuvu ukipenda. Ila tueleze ni la nani, na nani analipangusa vumbi.