Taarifa za Barabara ni Sehemu ya Barabara

Malori yanayobeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo huingia mkoa wa Kagera kupitia Nyakanazi, hupita Lusahunga, hupimwa uzito Nyakahura, kisha huiacha Biharamulo na kushika vilima vya Ngara hadi Benaco. Baada ya hapo njia zinagawanyika: moja inateremka Rusumo kwenye daraja la mto Kagera, nyingine inapita Ngara mjini hadi mpaka wa Kabanga, ambako ng'ambo yake ni Kobero. Dereva aliyesimama Nyakanazi akiiuliza simu yake atafika mpakani saa ngapi, atapewa jibu lenye saa na dakika. Lakini yale yatakayoamua safari yake hayamo kwenye hesabu hiyo: foleni ya mizani, semi iliyoharibika kwenye kona ya mlima, mvua iliyonyesha usiku, na idadi ya magari yanayosubiri nyaraka mpakani. Nasema hapa kwamba taasisi zetu za umma tayari zinazo taarifa nyingi za namna hiyo, na zina wajibu wa kuwapa wananchi wakati zingali mbichi. Taarifa za barabara ni sehemu ya barabara yenyewe, na anayejenga barabara kwa fedha za umma hajamaliza kazi mpaka mtumiaji ajue kama inapitika.

Tuanze na namna simu ilivyofikia kujua foleni. Mei 2000 Marekani iliacha kuyapunguzia usahihi kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, na tangu hapo kifaa kidogo kikaweza kutambua kilipo kwa kukosea mita chache tu. Google Maps ilianza mwaka 2005, ikaonyesha hali ya foleni katika miji ya Marekani mwaka 2007, na kufikia 2009 ilikuwa ikizitumia simu za watumiaji wenyewe kama vipimo vya mwendo. Mwaka 2013 Google iliinunua Waze, kampuni iliyoanzia Israel, kwa zaidi ya dola milioni 900, kwa sababu Waze ilikuwa imewazoesha madereva kuripoti ajali na vizuizi papo hapo. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kila simu iliyoruhusiwa hutuma mahali ilipo na kasi yake, kompyuta hukusanya kasi za simu zilizo kwenye kipande kimoja cha barabara, huzilinganisha na kasi ya kawaida ya kipande hicho, kisha hukipaka kijani, chungwa au nyekundu. Mwaka 2020 msanii wa Ujerumani, Simon Weckert, aliionyesha dunia udhaifu wa kanuni hii. Alijaza simu 99 kwenye kigari cha mkono, akakivuta taratibu katika mitaa mitupu ya Berlin, na ramani ikaonyesha foleni ambayo haikuwepo. Mashine haikuiona barabara. Ilihesabu simu, ikakisia yaliyobaki.

Kama simu nyingi zinaweza kuzaa foleni ya uongo, basi simu chache zinaweza kuficha tatizo la kweli, na hapo ndipo Ngara na Biharamulo zinapoingia. Mwaka 2020 Google ilieleza kuwa makadirio yake ya muda wa kufika yalikuwa sahihi kwa zaidi ya asilimia 97 ya safari, na ikataja miji ambako yameboreshwa zaidi, kama Berlin, Jakarta, Sydney na Tokyo. Hiyo ni miji yenye maelfu ya simu katika kila barabara kuu. Ukitoka kwenye lami ya Ngara kuelekea vijiji vya Murusagamba au Keza, au ukiingia ndani ya Biharamulo upande wa Kalenge, utakuta bodaboda, pikapu chache, watu wenye simu za kitochi, na sehemu ambazo mtandao hukatika. GPS haihitaji mnara, hivyo simu bado itajua ilipo, na ramani iliyopakuliwa mapema itafunguka. Taarifa za mwendo ndizo zinazohitaji intaneti, ili zitumwe na zipokelewe. Sasa fikiria masika. Udongo mwekundu unalowa, gari linateleza kwenye mteremko, maji ya bondeni yanabeba kalavati. Tangu saa hiyo hakuna gari linalopita, na kwa kuwa hakuna linalopita, hakuna simu inayotuma chochote. Barabara iliyoharibika kuliko zote ndiyo inayotoa taarifa chache kuliko zote. Mfumo uliobuniwa kutambua msongamano unaukuta ukimya, na hauna njia ya kujua kwamba ukimya ule maana yake ni daraja limekwenda na maji.

Hata kwenye lami ya malori, ambako simu hazikosekani, lori lililosimama Nyakahura lina sababu nyingi za kusimama. Huenda linasubiri kupimwa, huenda limezuiwa kwa kuzidisha uzito, huenda dereva na utingo wake wanakula. Simu hutuma jambo moja tu: kasi sifuri. Anayejua sababu ni mwenye mizani. Mpakani ni vivyo hivyo. Kituo cha huduma za pamoja cha Rusumo, kilichojengwa pamoja na daraja jipya kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa na Rais Magufuli na Rais Kagame mwaka 2016, kiliwekwa ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Idadi ya magari yaliyoingia, yaliyotoka na yanayosubiri inajulikana na walio ndani ya kituo hicho, wala haihitaji kukisiwa kwa setilaiti.

Na tusijidanganye kwamba nchi haina data. Mabasi ya masafa marefu yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwenendo, VTS, vinavyoiwezesha LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, kuona basi liko wapi na linakwenda kasi gani. Mizigo inayopita kwenda nje hufungwa lakiri za kielektroniki ambazo TRA, mamlaka ya mapato, huzifuatilia hadi mpakani. TANROADS, wakala wa barabara kuu, ina mizani na wahandisi kwenye barabara hizo, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia zaidi ya kilomita 140,000 za barabara za wilaya ikiwa na mameneja katika kila wilaya, watu ambao kwa kawaida ndio wa kwanza kupigiwa simu kalavati linapozolewa. Mwaka 2022, kabla ya sensa ya Agosti, Operesheni ya Anwani za Makazi ilizipa barabara na mitaa majina na nyumba namba. Kila kimoja kilikusanywa kwa lengo lake: kudhibiti mwendokasi, kulinda kodi, kulinda lami, kuhesabu watu. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuviunganisha ili mwananchi ajue, asubuhi kabla hajatoka, kama njia yake ni nzima.

Matumizi ya taarifa hizo yasiishie kwenye simu janja. Ujumbe mfupi, au namba ya nyota na reli inayopigwa kwa kitochi bila bando, unatosha kusema kuwa foleni ya mizani ya Nyakahura imepungua, au kuwa barabara fulani ya Rulenge haipitiki kwa magari makubwa. Redio nayo ipo. Ngara ina Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi, wakati wilaya ilipofurika watu kutoka Rwanda na Burundi na taarifa sahihi zikawa jambo la uhai na kifo. Taarifa hizohizo zitolewe pia kwa mfumo ambao kompyuta inausoma, ili Google, OpenStreetMap na vijana wetu waandishi wa programu wazichukue bila kuomba kibali kila siku. Jambo hili limewahi kufanyika kwa jirani zetu na hapa nyumbani. Nairobi, chuo kikuu cha humo na vya Marekani vilirekodi njia za matatu kwa simu chini ya mradi wa Digital Matatus, vikaiweka data hiyo wazi mwaka 2014, na mwaka uliofuata njia hizo zikaonekana kwenye Google Maps. Dar es Salaam, wanafunzi na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko walichora mitaa na mifereji yao kupitia Ramani Huria kuanzia 2015. Katika yote mawili, kampuni kubwa haikutangulia. Wenyeji walitangulia kuweka data, na kwa matatu kampuni ikafuata.

Wapo watakaosema tusubiri: simu janja zinaenea, minara inajengwa, soko litaleta huduma lenyewe. Ni kweli kwamba mawasiliano yanapanuka. Mei 2023 serikali ilisaini mikataba ya kujenga minara 758 vijijini. Lakini hata kila mtu Ngara akiwa na simu janja, magari yatabaki machache, na mfumo wa kupima msongamano hautapata cha kupima. Tena soko huenda penye matangazo na wateja wengi. Mgonjwa anayetolewa kijijini kupelekwa hospitali ya Murgwanza usiku wa mvua hana thamani ya kibiashara kwa kampuni ya ramani, ila ana thamani kwa dola iliyojenga barabara ile.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama. Wenyeji wanakumbuka miaka ambayo misitu kati ya Biharamulo na Ngara ilikuwa na majambazi, na mabasi yakisindikizwa na askari wenye silaha. Kutangaza lori lenye mzigo liko wapi kungekuwa kosa kubwa, na sitetei hilo. Ninachotetea ni wastani wa mwendo wa kipande cha barabara, urefu wa foleni, na hali ya kupitika, bila namba ya gari, jina la mmiliki wala aina ya mzigo. Pale ambapo magari ni machache kiasi kwamba wastani unaweza kumfichua mmoja, taarifa ya mwendo isitolewe kabisa, ibaki ile ya kupitika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaweka msingi, na tume ya kuisimamia ipo.

Wengine watasema madereva wanaambiana. Ndiyo, wanapigiana simu, wanatumiana sauti kwenye makundi ya WhatsApp, na maarifa yao yanazidi ya mashine yoyote. Ila maarifa hayo humfikia aliye kwenye kundi. Hayamfikii mkulima wa Ngara anayekodi gari la kupeleka ndizi na maharage sokoni, wala dereva mgeni anayepita njia hii kwa mara ya kwanza. Huduma ya umma iwapokee madereva na bodaboda kama waripoti, ihakiki wanachosema, kisha iwape wote. Na hofu kwamba malori yataelekezwa kwenye njia za vijiji ina msingi: mwaka 2018 mji wa Leonia, New Jersey, ulifunga mitaa yake kwa wasio wakazi saa za foleni kwa sababu programu za simu zilikuwa zikiwaingizia wakazi magari ya wapitaji. Barabara ya changarawe ya TARURA haiwezi kubeba semi. Dawa yake ni kuweka ukomo wa uzito wa kila barabara na daraja ndani ya data hiyohiyo, ili programu isimpeleke mtu asikostahili kupita. Kuficha data hakuondoi hatari hiyo, kunaiacha mikononi mwa programu isiyojua uzito wa daraja.

Pa kuanzia pawe padogo na panapopimika: barabara ya Lusahunga hadi Rusumo, tawi la Kabanga, na barabara za wilaya zinazoingia humo, kwa masika moja. TANROADS itoe foleni ya mizani, TRA na mamlaka za mpakani zitoe muda wa kusubiri, LATRA itoe wastani wa mwendo wa mabasi, TARURA itangaze kila njia inayofungwa na inayofunguliwa. Halmashauri za Ngara na Biharamulo zisimamie namba moja ya kuripoti na kuuliza. Mwisho wa msimu utangazwe hadharani muda uliotabiriwa na muda uliotokea, ili wananchi wenyewe waamue kama huduma inafaa. Vifaa vimeshafungwa na mishahara ya wanaoviangalia inalipwa na walipakodi, wakiwemo wa wilaya hizi mbili. Wana haki ya kuambiwa vinaona nini.