Mwenye Hati na Mwenye Ufunguo

Mvua za masika zilizopita zilitujia pamoja na upepo, na upepo ule uling'oa mabati 27 juu ya kanisa letu. Kanisa hilo lilijengwa na babu zetu kwa mawe waliyoyachonga wenyewe, na kila nyumba ilitoa mbao au kazi ya mikono. Tangu siku ile twasali tukiwa tumejibana upande mmoja, na mvua inyeshapo mwalimu hukatiza mahubiri ili watu wahamishe viti. Mimi ni mwandishi wa halmashauri ya kanisa, kwa hiyo barua zote hupitia mkononi mwangu.

Katika barua hizo imo moja ya diwani wetu. Asema kwamba fedha za mabati, mbao na saruji zaweza kupatikana katika kaunti, kwa kuwa nyumba hii ni ya zamani na yafaa itunzwe kuwa kumbukumbu ya watu wote. Lakini, asema, fedha za kodi haziwezi kutumika juu ya mali ya watu wachache. Basi kwanza hati ya kiwanja iandikwe kwa jina la kaunti. Wazee wamegawanyika. Wengine wasema, "Paa kwanza, karatasi baadaye." Mama mmoja auzaye kabichi sokoni aliuliza swali moja tu: "Hati ikishaondoka, ufunguo utakaa kwa nani?" Hakuna aliyemjibu, na mkutano ukaahirishwa hata Jumamosi ijayo.

Jioni ile nilikwenda kununua sukari kwa rafiki yangu mwenye duka, ambaye ni Mwislamu. Alikuwa amekwisha kupata habari zote. "Bwana Mwandishi," akasema, "basi kodi ya duka langu ndiyo itakayoezeka kanisa?" Alicheka, lakini niliona kwamba swali halikuwa la mzaha. Akaongeza kwamba ukuta wa msikiti nao una ufa tangu mwaka juzi, na hajasikia kwamba diwani ameuandikia barua.

Maswali hayo mawili, la mama na la mwenye duka, yalininyima usingizi, nikaanza kutafuta jinsi wenzetu wa nchi nyingine walivyoyajibu. Nchi iliyosumbuka nayo sana ni Ufaransa, na habari zake zafaa kusimuliwa kwa urefu.

Mwaka 1789, katika mapinduzi yao, Wafaransa walitwaa mali ya Kanisa na kuiweka chini ya taifa. Baadaye Napoleon alipatana na Papa, na kwa miaka zaidi ya 100 Serikali ikawa ikiwalipa mapadre mishahara. Kisha, tarehe 9 Desemba 1905, ikapitishwa sheria ya kutenga dini na Serikali. Sheria hiyo ilisema kwamba Jamhuri haitambui dini yoyote, wala hailipi mishahara ya dini yoyote, wala haitoi ruzuku kwa dini yoyote. Msomaji atadhani kwamba jambo lilikwisha hapo. La, hapo ndipo lilipoanza, kwa sababu makanisa yalikuwapo bado yamesimama, na paa zake zilikuwa zikivuja kama letu.

Sheria ilitaka waumini waunde vyama vya ibada ili vipokee mali. Waprotestanti na Wayahudi wakaviunda, na nyumba walizokuwa nazo zikawa zao. Lakini Papa Pius wa 10 aliwakataza Wakatoliki mwaka 1906. Mwaka huo huo maofisa walipokwenda kuandika orodha ya vyombo vya makanisa, mahali pengi watu walijifungia ndani, wakapigana nao, na damu ikamwagika. Kwa kuwa hapakuwa na chama cha kuyapokea, makanisa ya Wakatoliki yalibaki mali ya umma. Serikali yenyewe ndiyo yenye makanisa makuu 87, na makanisa mengi ya parokia yaliyojengwa kabla ya sheria ile ni mali ya halmashauri za miji na vijiji. Sheria ya mwaka 1907 iliwaruhusu mapadre na waumini waendelee kuyatumia, na ya mwaka 1908 ikaziruhusu halmashauri kutoa fedha za kuyatengeneza.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Wale waliokataa sheria ndio paa zao hutengenezwa kwa kodi, na wale walioitii, wakashika mali yao, kwa kawaida hujitengenezea wenyewe. Waislamu, ambao kwa wengi wao walifika Ufaransa baada ya 1905, hawakuwa na nyumba za zamani za kurithiwa na umma, basi misikiti yao ni juu yao. Msikiti Mkuu wa Paris ndio uliopata njia nyingine: mwaka 1920 Bunge lilitoa faranga 500,000 kwa ajili yake, kwa heshima ya askari Waislamu waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza, nao ukafunguliwa mwaka 1926. Rafiki yangu mwenye duka aliposikia hayo alisema kwamba hata huko yaonekana lazima watu wafe kwanza. Sikuwa na la kumjibu.

Lakini lililonivuta zaidi ni habari ya ufunguo. Katika Ufaransa mwenye hati si mwenye kutawala nyumba. Halmashauri ya kijiji ina hati ya kanisa, walakini haiwezi kuligeuza kuwa ukumbi wa ngoma wala ghala ya nafaka maadamu ibada yaendelea humo. Padre ndiye mwenye kuamua matumizi ya kila siku, na meya akitaka kufanya tamasha la muziki ndani yake, hana budi kupata idhini ya padre. Haki hiyo ya kusali hailipiwi kodi ya nyumba, wala haina siku ya mwisho iliyopangwa, wala haiondolewi kwa hasira ya meya mmoja. Sheria ndiyo iliyoweka njia za kuiondoa. Laiti diwani wetu angeweka maneno kama hayo katika barua yake, mama yule asingekuwa na haja ya kuuliza.

Jaribio kubwa la mpango huo lilikuja jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, kanisa kuu la Notre-Dame la Paris liliposhika moto. Paa la risasi liliyeyuka, mihimili ya mialoni ya karne nyingi ikateketea, na mnara ukaanguka mbele ya macho ya watu waliojaa kando ya mto wakiimba na kusali. Mwenye nyumba alikuwa Serikali, na Serikali ile haikati bima kwa majengo yake makuu, bali hubeba hasara yenyewe. Michango ikamiminika: watu na vyama vipatavyo 340,000, wa nchi zipatazo 150, walitoa jumla ya euro milioni 846 hivi. Wengine katika hao hawakuwa Wakristo. Kanisa likafunguliwa tena tarehe 7 Desemba 2024.

Katika kazi hiyo fedha zilipangwa kwa kufuata mpaka ule ule. Mawe, mbao, paa na mnara vilikuwa juu ya mwenye nyumba na michango ile ya taifa. Madhabahu mpya, viti na vyombo vya ibada vilikuwa juu ya uaskofu wa Paris. Hata hivyo ugomvi haukukosekana. Mwezi wa Oktoba 2024 waziri wa utamaduni alitoa shauri kwamba watalii watozwe euro 5 mlangoni, ili fedha hizo zitengeneze makanisa mengine yanayobomoka katika vijiji. Uaskofu ulikataa, ukisema kwamba kanisa ni nyumba ya kuingia bure, na sheria ile ya 1905 yenyewe yasema kwamba kutazama majengo hayo hakutozwi. Mlango ulipofunguliwa mwezi wa Desemba, watu waliingia bila kulipa. Nakiri kwamba katika jambo hili waziri naye hakuwa mjinga. Ukivuta hesabu ya vijiji vidogo vyenye makanisa makubwa na walipa kodi wachache, waona alikokuwa akielekea.

Mahali pengine mwenye hati ameonyesha nguvu nyingine. Hagia Sophia ya Istanbul ilikamilishwa kuwa kanisa mwaka 537. Mji ulipotekwa mwaka 1453 Sultani Mehmed aliifanya msikiti, akaiweka wakfu. Mwaka 1934 baraza la mawaziri la Uturuki liliamua iwe makumbusho, ikawa hivyo kwa miaka 85 na zaidi. Tarehe 10 Julai 2020 mahakama kuu ya mambo ya Serikali ilifuta uamuzi huo, kwa hoja kwamba hati ya wakfu ya Sultani iliiandika nyumba hiyo kuwa msikiti, na mawaziri hawakuwa na mamlaka ya kuigeuza. Sala ya Ijumaa ikasaliwa tena tarehe 24 Julai. Tangu Januari 2024 wageni wa nje wakaanza kutozwa euro 25 waipandie roshani ya juu, na wanaosali huingia bure. Wasomaji wa pwani, waliozoea mambo ya wakfu, watafahamu upesi kuliko sisi wa bara jinsi karatasi ya zaidi ya miaka 500 ilivyoweza kuwashinda mawaziri. Wakristo wengi walihuzunishwa na uamuzi ule, nami sisemi kwamba ulikuwa mwema. Nasema tu kwamba yaliyoandikwa siku ya kwanza ndiyo yaliyosomwa siku ya mwisho.

Hata nchini kwetu mambo haya si mageni. Makaya ya Wamijikenda, ile misitu mitakatifu ya pwani ambamo wazee wao walikaa tangu karne ya 16, yalikuwa yakikatwa miti na viwanja vyake kunyakuliwa. Tangu mwaka 1992 Serikali ikaanza kuyatangaza kuwa kumbukumbu za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikayaingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Makumbusho ya Taifa husaidia kuyalinda kwa sheria, walakini wazee wa kaya ndio wasemao nani aingie, avae nini, na ni wapi mgeni asipoweza kufika. Katika Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kitambaa cheusi kiunoni kabla ya kuingia. Tena Katiba ya mwaka 2010, ambayo yasema wazi kwamba hapana dini ya Serikali, yataja mahali patakatifu pa jamii miongoni mwa ardhi ambayo ni ya jamii yenyewe. Kwa hiyo si kweli, kama wasemavyo baadhi ya wazee wetu, kwamba Serikali haiwezi kulinda mahali pa ibada ila kwanza papewe jina lake.

Basi nimeandika rasimu ya majibu kwa diwani. Nimesema kwamba hati itabaki kwetu. Kwamba kaunti ikitoa fedha za paa, na iandikwe kuwa ni kwa ajili ya nyumba ya zamani na si kwa ajili ya mahubiri. Kwamba mlango utafunguliwa siku zilizopangwa kwa kila mtu apendaye kuitazama, wa dini yoyote, bila kiingilio. Kwamba ufunguo utakaa kwa halmashauri ya kanisa. Na kwamba viti, madhabahu na kengele tutavinunua kwa sadaka zetu. Mwisho nimeuliza kama mlango huo huo wa msaada uko wazi kwa msikiti wenye ufa. Kifungu hicho cha mwisho mzee mmoja amekwisha kunishauri nikifute, asije diwani akaona kwamba twaomba mengi. Sijakifuta.

Jumamosi nitaisoma mbele ya mkutano. Mzee mwenyekiti ameniagiza nisome polepole, na mama wa kabichi amesema atafunga kibanda chake mapema siku hiyo. Mwenye duka ameomba nakala moja aipeleke msikitini, nami nimempa.