Shibe na matembezi ya Bukoba
Mwanafunzi aliyepanga chumba Buhembe, kata ya Manispaa ya Bukoba, hushiba kwa bei nafuu kwa mamalishe: ndizi zilizopikwa pamoja na maharage, au ugali na sato wa Ziwa Viktoria. Senene, panzi wanaoliwa hapa, hujaa zaidi Novemba na Desemba. Wakikaangwa kwa chumvi tu hawahitaji kiungo kingine, hata wageni wanaoanza kwa kusita huomba nyongeza. Kahawa hapa hutafunwa pia, ikiwa imechemshwa na kukaushwa. Baada ya mlo, unaweza kutembelea Kanisa Kuu la Kikatoliki, lenye kaburi la Laurean Rugambwa, aliyefanywa kadinali mwaka 1960, Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama hizi. Ufukweni kunaonekana Kisiwa cha Musira, kinachofikiwa kwa boti.