Mcheza Kwao Hutunzwa

Wapo watendaji ambao, kila bajeti inapobana, huliona fungu la sanaa kuwa ndilo la kwanza kukatwa. Hoja yao ni kwamba ngoma hailimi wala haijengi, na kwamba vyama vya sanaa visivyogawana faida ni ombaomba waliovaa mavazi ya kupendeza. Hiyo ni kasumba, na Mji Mkongwe wa Zanzibar unatosha kuikanusha.

Tamasha la Sauti za Busara lilianza mwaka 2004, likiendeshwa na chama cha namna hiyo. Kiingilio cha Ngome Kongwe ni sehemu ndogo tu ya fedha anazotumia mgeni. Mgeni huyo hulala, hula, hupanda teksi, hununua kanga na jioni huteremka Forodhani kula urojo. Anayemlaza humlipa mfua mashuka. Mfua mashuka hununua samaki. Muuza samaki hulipa karo ya mtoto. Shilingi ile ile huwapitia watu wengi ambao hawajapata kuliona jukwaa. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Je, aliyekosa biashara siku zile alikuwa mpiga ala peke yake?

Kadhalika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa mwaka 2002, kimewafundisha vijana udi, ganuni, fidla na ngoma za Visiwani. Wapo waliopata riziki kwa mafunzo hayo, mahotelini na hata ng'ambo. Lakini mwaka 2019 chuo hicho nacho kilikaribia kufunga milango, fedha za wafadhili zilipokauka.

Watabishi watasema kwamba Februari ni msimu wa wageni, tamasha liwepo lisiwepo. Ni kweli kwamba kumhesabu kila mgeni kuwa ni tunda la tamasha ni kudanganya hesabu. Ni kweli pia kwamba fedha inayonunua chakula kutoka nje katika hoteli ya mwenye mtaji wa nje haikawii kuondoka Visiwani. Lakini hoja hiyo ya pili inawarudia wenyewe. Mpiga ganuni, fundi cherahani na mpishi wa Forodhani ni watu wa hapo hapo. Ujira wao haupandi ndege.

Aibu iko kwingine. Chama huwavuta wageni, hoteli huvuna, ofisi za umma hukusanya tozo, kisha chama hubaki na deni na kusubiri huruma ya mfadhili wa mbali. Mfadhili huyo akibadili nia, mji mzima huyumba. Huko si kujitegemea.

Dawa yake haihitaji semina. Sehemu ndogo ya tozo zinazotozwa wageni mahotelini itengwe kisheria kwa vyama vya sanaa vyenye hesabu zilizokaguliwa na kutangazwa hadharani. Wenye mahoteli nao wachangie kile kinachowajazia vyumba. Walimu wasilifanye somo la muziki kuwa la kuzibia pengo katika ratiba, kwani ganuni haijifunzi yenyewe.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema kwamba atutunze sisi, kisha aachwe akipiga hodi kwa majirani.