Mvinyo Utaje Zabibu Yake
Hapa Matongo, pesa ya dhahabu ya Nyamongo ikiingia mfukoni, watu wanaagiza mvinyo kwa rangi: mwekundu au mweupe, basi. Kusini mwa Italia nako walipitia hayo. Kwa miaka mingi mvinyo wa Puglia na Sicily uliuzwa kwa jumla, ukapelekwa kaskazini na hata Ufaransa kuongeza nguvu na rangi kwenye mvinyo wa wengine, jina lake likipotelea njiani. Leo mnywaji anaagiza Primitivo, Negroamaro, Nero d'Avola au Aglianico, zabibu zinazolimwa kwao, na kila moja ina tabia yake. Mimi naipenda zaidi Aglianico ya Campania na Basilicata: ukiionja, ukakasi unakamata fizi kama chai ya rangi iliyokolea, kisha uchachu unasafisha kinywa, na nyama choma yenye mafuta inashuka vizuri. Utamu wake hautokani na sukari. Nasi tunayo Makutupora, zabibu nyekundu ya Dodoma, yenye jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, katika mkoa unaovuna zabibu mara mbili kwa mwaka. Inastahili kuonjwa kwa umakini ule ule: glasi safi, mvinyo uliopozwa kidogo, bila kuchanganya soda. Wasindikaji, andikeni jina la zabibu mbele ya chupa kwa herufi kubwa. Nawe msomaji, ukifika dukani, uliza kwanza ni zabibu gani, ndipo uulize bei.