Usifute Usichokiona

Kuna ushauri ambao sisi waandishi wa programu hupeana kila mara, nami siupendi hata kidogo: ukikuta herufi zisizoonekana kwenye maandishi yaliyotoka kwa ruta, zifute zote uendelee na kazi. Funika kombe mwanaharamu apite.

Tuseme kijana anauza intaneti pale Nyansiongo. Ana ruta ya MikroTik, antena juu ya paa, na wateja wanaolipa kwa M-Pesa kila wiki. Kaandika programu ndogo inayoingia kwenye ruta kila dakika tano, inaitisha orodha ya walio mtandaoni, inailinganisha na orodha ya waliolipa, kisha inaiambia ruta imkate nambari fulani. Sasa ruta haijui kwamba inaongea na programu. Inadhani kuna mtu ameketi mbele ya skrini, hivyo inampambia orodha kwa rangi. Kila rangi huja kama herufi nambari 27, ile ya kitufe cha Esc, ikifuatwa na mabano ya mraba, tarakimu na herufi m. Kijani ni Esc kisha [32m. Ukifuta hiyo 27 peke yake, mkia [32m unabaki pale pale, na 32 ni nambari halali kabisa. Mwenye deni alikuwa nambari 5; anaendelea kutazama video zake. Anayekatwa ni wa 32, mama wa kibanda aliyelipa jana. Kijana akifungua orodha kwa macho yake haoni kosa lolote, maana skrini inazila alama hizo na kuonyesha rangi tu.

Nambari 8 ni mbaya zaidi, kwa kuwa yenyewe ni amri: rudi nyuma hatua moja. Vifaa vingi vya Cisco vikijaza skrini husimama na kuandika --More--. Ukiviruhusu viendelee, hulifuta neno hilo kwa kurudi nyuma, kuandika nafasi tupu juu yake, na kurudi tena. Zifagie hizo 8, na --More-- itaganda kwenye mstari unaofuata. Vivyo hivyo 12, halafu herufi 8, halafu 3: mtu anaona 13, programu iliyofagia inasoma 123. Herufi hii haifutwi, inatekelezwa.

Wala si uchawi. ASCII ilitoka mwaka 1963, enzi za teleprinta, na nafasi zake 32 za kwanza, 0 hadi 31, zilitengwa kwa amri. 7 hupiga kengele, 10 husogeza karatasi, 13 hurudi mwanzo wa mstari. Hata 127 ina kisa chake: ukikosea kwenye utepe wa karatasi, ulitoboa matundu yote saba, na herufi ikahesabika imefutwa. (Napenda sana hiyo!) Teleprinta zimeingia makumbusho, lakini ruta iliyo juu ya paa kule Borabu bado inaongea lugha yao.

Mimi ningeanza kwa kumwomba mtumaji aache mapambo. Kwa MikroTik, ongeza +ct mwishoni mwa jina la kuingilia. Kwa Cisco, toa amri terminal length 0. Kisha hifadhi baiti kama zilivyokuja, kabla hujazigusa, maana siku ya malalamiko ndizo shahidi wako pekee. Mfuatano wa Esc uondolewe mzima, mkia na yote. Wapo watakaosema hiyo ni kazi nyingi kwa programu ya mistari hamsini. Sawa, lakini programu hiyo inashika pesa za watu.

Na ikitokea herufi usiyoijua? Uache mstari huo, uuandike kwenye faili ya makosa, umwite mwenye ruta. Asikatwe mtu kwa mstari ambao programu haikuuelewa.